Picha za Njiani Katika Mji wa Unguja

Wazee wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni maneno ya kumkaribisha mgeni, lakini ndani yake mna sharti, ya kuwa mgeni huja na kheri wala hamwachii mwenyeji wake dhara. Katika zama zetu hizi mgeni haji mikono mitupu. Huja na kamera shingoni, au simu yenye kamera ndani yake, na jambo la kwanza alifanyalo akishuka chomboni, kabla ya kuuliza khabari za mji na watu wake, ni kuupiga picha. Wala msomaji asidhani ya kuwa twawasema watalii wa Ulaya peke yao. Vijana wetu wa Kiislamu, wa kiume na wa kike, wafanya vivyo hivyo, na aghlabu picha zao huwafikia watu wengi kabla jua halijachwa.

Basi yatupasa tuulize: picha ya njiani ina faida gani, na ina mipaka gani? Suala hili si dogo. Uso wa mtu ni sehemu ya heshima yake, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza ya kuwa heshima ya Muislamu ni haramu kuvunjwa, kama ilivyo haramu damu yake na mali yake.

Nilipata kulitazama jambo hili kwa karibu katika Mfunguo Saba wa mwaka 1445, yaani Oktoba 2023, nilipokwenda Unguja kwa siku tatu pamoja na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili apendaye sana kupiga picha za njiani. Picha za namna hii si zile za harusi wala za vitambulisho. Mpigaji hutembea katika mji, akaviringia vitu kama vilivyo: watu katika kazi zao, vivuli ukutani, watoto wakicheza. Yeye alikuwa na kamera yake, nami nilikuwa na macho yangu tu, na tulitembea pamoja asubuhi na jioni.

Kwanza niseme neno moja kwa wale watakaouliza kama picha yenyewe ni halali. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake tangu kamera ilipoingia katika miji ya Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyeshika cheo cha Mufti wa Misri mwaka 1914, aliandika risala akieleza ya kuwa picha ya kamera si kuumba, bali ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wengine, na miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, waliikataza isipokuwa kwa dharura kama vile vitambulisho na pasi za safari. Sikukusudia kuamua baina ya wakubwa hao. Maneno yangu ni kwa yule aliyekwisha kuichukua kamera mkononi, naye ataka kujua adabu zake.

MJI WENYEWE

Boti itokayo Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili, na aliyeketi upande wa mbele huuona mji ukitoka majini kidogo kidogo: kwanza minara, kisha mapaa, kisha safu ya nyumba nyeupe zinazoitazama bahari. Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi. Zamani upande wake wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari uliovukwa kwa daraja, na ndiyo asili ya jina la Darajani, ijapokuwa leo maji hayapo na mahali pake ni barabara na soko. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ya nakshi, yenye misumari ya shaba, imesifiwa duniani kote. Mwaka 2000 mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Vichochoro vyake vingine ni vyembamba hata watu wawili wakikutana hupishana bega kwa bega, na kwa sababu ya urefu wa nyumba jua huingia kwa muda mfupi tu, kama mgeni asiyetaka kuketi. Mpwa wangu aliufurahia sana mwanga huo. Alikuwa akisimama penye kona, akangoja. Mara hupita hamali na mkokoteni wa barafu, na lile jua dogo likaangukia barafu ikameremeta. Mara hupita msichana wa shule na mtandio mweupe, naye ni kitu cheupe peke yake katika njia yote. Mara ni kivuli cha mwenye vespa kilichomtangulia mwenyewe ukutani. Asubuhi kule Malindi, wavuvi wakishusha samaki, tuliona makapu yakipokewa mkono kwa mkono, na hapana aliyetutazama, kila mtu yumo katika riziki yake. Nami nakiri ya kuwa nilikuwa nimepita katika njia hizo mara nyingi zamani, wala sikuyaona mambo hayo mpaka kijana yule aliponionyesha. Kupiga picha, kukifanywa vyema, ni kujifunza kutazama, na kuvitazama viumbe vya Mwenyezi Mungu kwa mazingatio ni ibada.

Lakini tazama pia hizi baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba. Watu huketi hapo wakanywa kahawa, wakacheza bao, wakazungumza siasa na mpira, na kila apitaye hupita mbele yao. Hayo yalinikumbusha hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwahadharisha masahaba na kuketi njiani. Walipomwambia ya kuwa hawana budi na mabaraza yao, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni nini, naye akawatajia: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu.

Nilimwambia mpwa wangu: "Mwanangu, mwenye kamera ni mtu aliyeketi njiani, ingawa anatembea. Haki hizo nne ziko juu yako." Naye, kwa kuwa ni kijana mwenye akili, hakukubali mara moja, na majadiliano yetu ya siku tatu ndiyo haya niyaletayo kwenu.

KUINAMISHA MACHO

Siku ya kwanza alasiri tulikuwa tukipita katika kichochoro cha Kiponda. Mlango mmoja ulikuwa wazi nusu, na ndani yake palionekana ua, na katika ua mwanamke akimsuka mwanawe nywele, kichwa chake mwenyewe kikiwa wazi, kwani yumo nyumbani kwake. Jua lilikuwa limewaangukia wote wawili. Nilisikia mlio wa kamera kabla sijageuka.

Nikamwuliza: "Umepiga nini?"

Akasema: "Mjomba, nimepiga kutoka njiani. Sikuingia nyumba ya mtu. Njia ni ya watu wote, na kilicho wazi njiani kila mpita njia amekiona."

Msomaji ataona ya kuwa hoja hii ina nguvu, na ndiyo hoja ya wapigaji picha za njiani kote duniani. Sikutaka kuijibu kwa ukali. Tulikwenda tukakaa penye baraza, nikamweleza kisa alichokipokea Sahl bin Saad (r.a.). Mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kichanuo mkononi akijikunia kichwa. Alipomjua mtu yule akamwambia kwamba lau angalijua ya kuwa anachungulia, angalimchoma nacho jichoni, kwani kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Yule mtu naye alisimama nje. Mguu wake haukuvuka kizingiti, lakini jicho lake lilivuka. Na Suratun-Nur, katika aya ya 27, inatuamrisha tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Ikiwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho, seuze kamera?

Kwani kamera ni nini? Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alieleza ya kuwa tunaona kwa mwanga utokao katika vitu ukaingia machoni, na alifanya majaribio kwa chumba cha giza chenye tundu dogo, ambamo sura ya jua lililopatwa ilionekana ukutani. Neno kamera lenyewe, katika lugha ya Kilatini, maana yake ni chumba. Basi mwenye kamera amebeba chumba cha giza chenye tundu, naye huchungulia katika tundu hilo. Kisa cha Sahl kimemhusu kama kwamba kimesimuliwa kwa ajili yake.

Tena jicho huona likasahau, lakini kamera haisahau. Mwanamke aendaye sokoni ameridhika kuonwa na watu wa soko, hakuridhika kuonwa na watu elfu wasiomjua, katika miji asiyoijua, leo na baada ya miaka ishirini. Na yule aliyeko uani kwake hakuridhika kuonwa hata na mmoja.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema ya kuwa ile ndiyo picha nzuri kuliko zote alizopata siku ile. Sikuitazama, wala sikumwambia aifute. Aliifuta mwenyewe, na niliona ya kuwa ilimwuma. Mwenyezi Mungu amlipe. Kuacha kitu kibaya si kazi kubwa. Kuacha kitu kizuri kwa sababu si chako, hiyo ndiyo taqwa.

KUZUIA UDHIA

Kesho yake tulikwenda Darajani. Jengo la soko hilo lilijengwa mwaka 1904, na pembeni yake hupangwa matunda, viungo, samaki, pweza na mboga, hata mtu hajui aanze kutazama wapi. Hapo udhia wa kamera huonekana kwa macho. Kikundi cha wageni kilikuwa kimesimama katikati ya njia, kila mmoja akielekeza kamera yake kwa muuza pweza, na nyuma yao hamali aliyechukua gunia kichwani amekwama, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Muuza pweza mwenyewe wateja wake wamezuiwa. Walipomaliza waliondoka bila ya kununua na bila ya kuaga.

Huo ni udhia wa mwili. Uko na udhia wa pili ulio mkubwa zaidi, nao ni kumchukua mtu katika hali asiyopenda kuonekana nayo. Mpwa wangu alimwona bibi mmoja mkongwe akiomba sadaka karibu na msikiti. Uso wake ulikuwa na mikunjo mingi, na wapigaji picha huupenda uso wa namna hiyo. Alinyanyua kamera, kisha akaishusha, akanitazama. Nilimwuliza: "Angalikuwa ni bibi yako, ungalitaka watu wamwone hivi?" Akatia mkono mfukoni akampa alichompa, tukaenda zetu.

Jambo hili si geni katika mji wa Unguja. Katika karne ya 19 walifika huko wapigaji picha waliofungua maduka, miongoni mwao A. C. Gomes, na baadaye wale ndugu waitwao Coutinho. Picha nyingi zilifanywa kadi za posta zikapelekwa Ulaya. Humo utawaona wanawake wa Pwani, mahamali, wachukuzi wa maji, watoto. Chini ya picha hizo aghlabu pameandikwa kabila la mtu au kazi yake, jina lake halikuandikwa. Yule mwanamke alikuwa binti wa fulani, mama wa fulani, na pengine wajukuu wake wako Unguja hata leo, wanapita mbele ya picha ile dukani wala hawajui ya kuwa ni bibi yao. Uso umesafiri dunia nzima, na mwenyewe amepotea. Vijana wetu watakapoweka picha ya mtu katika simu zao na kuandika tu "mzee wa Zanzibar" au "mama muuza samaki", na wajiulize kama wamewapita wale wa kadi za posta kwa kitu chochote.

KURUDISHA SALAMU

Pale Sokomuhogo palikuwa na mzee muuza kahawa, mwenye dele lake la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya maji, na sahani ya kashata. Mpwa wangu alitamani sana kumpiga picha wakati anapomimina kahawa, kwa ule moshi na ile mikono. Akaniambia: "Mjomba, nikimwomba ruhusa atajikaza, atasimama kama askari. Mtu akijua anapigwa picha sura yake hugeuka, na mimi naitaka hali yake ya kweli."

Nikamwambia: "Basi tusimwombe kwanza. Tumsalimu, tukae."

Tulikaa. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu, karibuni." Tukanywa vikombe viwili, tukaulizana khabari za Mrima na khabari za Unguja, bei ya kahawa, mvua. Kikombe cha tatu ndipo kijana alipoomba ruhusa. Mzee akacheka, akasema:

"Mjukuu wangu, mimi nimepigwa picha nyingi mpaka sijui idadi yake. Sura yangu imekwenda nchi nyingi kuliko mimi. Lakini nyumbani kwangu hapana hata moja. Hawa hunipiga wakapita. Wengine hata salamu hawanipi."

Akampa ruhusa. Na ni kweli ya kuwa mwanzo alijikaza, akanyosha kofia yake, akakunja uso. Lakini hatukuondoka. Wateja walikuja, akawahudumia, akatusahau, na mikono yake ikarudi katika kazi yake. Ndipo kijana alipoipata picha aliyoitaka. Hali ya kweli ya mtu haipatikani kwa kumwibia tu, hupatikana pia kwa kukaa naye mpaka akuzoee, na tofauti ya njia hizo mbili ni saa moja ya subira na bei ya vikombe vitatu vya kahawa.

Jioni ile tulipita katika Barabara ya Kenyatta, penye duka la picha la Capital Art Studio, lililofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye likaendeshwa na mwanawe Rohit. Kuta zake zimejaa picha za zamani zisizo na rangi: majahazi bandarini, njia za mji, wakubwa wa serikali, watu wa kawaida. Nilizitazama kwa muda mrefu picha za watu waliokwenda wenyewe kupigwa dukani, kama walivyofanya wazee wetu. Mtu alikuwa akioga, akavaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya kamera kwa khiari yake, na baadaye akachukua picha yake akaitundika nyumbani. Pengine kulikuwa na kujikaza katika nyuso zile, lakini hapana dhulma. Kila mmoja alipewa chake.

Mpwa wangu aliyatia maanani. Kabla ya kurudi alikwenda akaisafisha picha ya muuza kahawa, nakala mbili, na siku ya tatu asubuhi tukampelekea. Mzee aliifuta mikono yake kwanza, kisha akaipokea, akaitazama kimya. Akasema: "Niandikie jina langu nyuma, na tarehe, wajukuu wasije wakaulizana huyu ni nani." Kijana akaandika. Jina lenyewe silitaji hapa, kwani aliomba liandikwe nyuma ya picha, hakuomba liandikwe gazetini.

KUAMRISHA MEMA NA KUKATAZA MAOVU

Yabaki haki ya nne, nayo ndiyo inayoonyesha faida kubwa ya picha, ili mtu asidhani ya kuwa nataka kuwanyang'anya vijana kamera zao.

Mbele ya bahari, karibu na Forodhani, liko Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, lenye roshani pana na nguzo za chuma. Nililiona zamani likiwa zima. Safari hii tulilikuta limezungushiwa uzio, kwani tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kijana hakuwahi kuliona kabla ya hapo. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi akatoa simu yake akamwonyesha picha zake, kisha akamweleza ya kuwa hata mnara huo wa saa haukuwa wa asili. Hapo zamani palikuwa na mnara mwingine uliosimama peke yake mbele ya jengo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipopiga mizinga kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash, vita ambavyo havikutimia hata saa moja, mnara ule uliharibika, na majumba ya jirani yakapigwa. Baadaye jengo lilipotengenezwa ndipo lilipowekewa mnara wa saa upande wake wa mbele. Twayajua hayo kwa maandishi, lakini twayaona kwa picha, kwa sababu wako watu waliopiga siku zile. Nguzo zilisimama wapi, roshani ilikuwa na umbo gani, dirisha lilikuwa na mbao ngapi, fundi atakaye kulirejesha jengo atazitaka picha hizo. Wengi wa waliozipiga walidhani wanajifurahisha tu, kumbe waliandika ushahidi.

Basi mpwa wangu siku ya mwisho alibadilisha mwendo wake. Alipiga nyufa za kuta, mlango wa nakshi uliooza chini kwa maji, ngazi iliyokatika, jina lililochongwa juu ya mlango pamoja na tarehe ya Hijria. Katika mji huo nyumba nyingi ni za wakfu, na wakfu ni amana ya waliokufa mikononi mwa walio hai. Ufa uliopigwa picha leo na kupelekwa kwa mwenye kuhusika huenda ukaokoa paa kesho. Hiyo ni kuamrisha mema kwa kamera.

Lakini yataka tahadhari. Pale Darajani vijana wawili waligombana wakashikana mashati. Kufumba na kufumbua simu zikanyanyuliwa pande zote, nami nilihesabu kumi nikaacha. Aliyekwenda kuwaamua alikuwa mtu mmoja, muuza samaki mzee, na mikono yake ingali na magamba. Kila mmoja wa wale wenye simu pengine atasema alikuwa akishuhudia. La! Kushuhudia ubomokaji wa ukuta ili ujengwe ni jambo moja, na kutangaza aibu ya mtu ili watu wacheke ni jambo jingine. Dini yetu imetufunza kuwasitiri Waislamu, na imemwahidi mwenye kumsitiri mwenzake ya kuwa Mwenyezi Mungu atamsitiri. Mkono unaoweza kuamua ugomvi ukashika simu badala yake umeacha haki ya njia.

NENO KWA WAZEE NA VIJANA

Enyi wazazi, msiwaachie watoto wenu kamera kama mtu amwachiaye mtoto kisu bila ya kumfunza upande wenye makali. Kaeni nao, zitazameni picha zao, waulizeni: huyu ni nani? Umemsalimu? Ameridhia? Utampelekea lini yake? Maswali manne tu, nayo yatosha kuwa somo zima la adabu. Na mtoto wa mtu asipigwe picha mpaka mzazi au mwalimu wake aulizwe. Kule Unguja mpwa wangu aliwakuta watoto wakitoka chuoni na misahafu yao, nao wakamkimbilia wakitaka wapigwe, lakini aliingia kwanza kumtafuta maalim wao. Maalim akaruhusu wapigwe kwa mgongo, wakiwa wanakwenda zao, kofia nyeupe na mitandio ikipungua ukubwa hata mwisho wa njia. Hapana uso hata mmoja katika picha ile, na kila aliyeiona amewajua ya kuwa ni watoto wetu.

Nanyi vijana, msikate tamaa mkadhani adabu imewafungia mlango wa ufundi. Mji una vivuli, milango, mikono, vyombo, bahari, umati utazamwao kwa mbali usiotambulika mtu, na una watu elfu watakaokuridhieni mkiwapa salamu na muda wenu. Katika picha mpwa wangu alizorudi nazo, zile alizoomba ruhusa ndizo alizoweza kumwonyesha mama yake zote bila ya kuficha hata moja.

Kila picha ni amana. Mwenye uso amekukopesha uso wake, nawe utaulizwa ulivyoutumia, kama utakavyoulizwa juu ya masikio yako, macho yako na moyo wako.

Wabillahi tawfiq.